Sayansi Kimu Chuo Kikuu: Maswali Ninayoulizwa Kila Matokeo Yakitoka

Ninafundisha sekondari hapa Moshi, somo la chakula na lishe, lile ambalo wazazi wengi bado wanaliita sayansi kimu, na vyuoni lilijulikana kama uchumi wa nyumbani. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka naulizwa mambo yale yale: shuleni, kwenye Hiace ya Kibosho, hata msibani. Nimeyaandika hapa ili mwenye haja asome kwa nafasi yake. Mpangilio usiutafute, nimeyaweka kama yanavyonijia.

Kwani mtu anaenda chuo kikuu kujifunza kupika?

Hapana. Anayetaka kupika aende Njiro, Arusha, kwenye chuo cha VETA cha hoteli na utalii. Ukimweka jikoni mhitimu wa pale na mwenye shahada ya uchumi wa nyumbani, huyu wa shahada ataaibika mchana kweupe. Chuo kikuu kinamfundisha mtu kujua kwa nini.

Chukua kiburu. Bibi anatia magadi kidogo kwenye ndizi na maharage ili viive upesi. Yuko sahihi: magadi yanalegeza kile kinachoshikilia chembe za maharage, ndiyo maana yanalainika haraka. Lakini magadi hayo hayo yanaharibu vitamini B1, na maharage ni moja ya vyakula tunavyovitegemea kuipata. Sasa mwanafunzi anaulizwa amshauri nini huyu bibi. Akimwambia aache magadi, kuni zitaongezeka, na anayetafuta kuni ni mjukuu wa kike ambaye saa hiyo angekuwa anasoma. Akimwambia aloweke maharage usiku kucha na maji yale ayamwage, muda wa moto utapungua bila magadi, ila panahitajika ndoo yenye mfuniko na maji ya kutosha, na bomba linatoka kwa zamu. Kemia imo, fedha imo, kazi za watoto zimo, desturi imo. Mwanafunzi anayejibu kwa kemia peke yake hapati alama zote, na kwangu hata nusu hapati.

Somo hili lilifikaje chuo kikuu? Mama zetu walijua nyumba bila kulisomea.

Lilianzia Marekani, na mlango ulifunguliwa na sheria ya 1862 iliyowapa majimbo ardhi ya serikali ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Vyuo hivyo vilipokea watoto wa wakulima, na baadhi vikapokea wasichana pia. Wavulana wakifundishwa udongo na mifugo, wasichana wafundishwe nini? Miaka ya 1870 vyuo vya Iowa, Kansas na Illinois vikaanza kufundisha mambo ya nyumbani kama somo la chuo, yakiwa na mihadhara na mazoezi.

Aliyelipa somo uti wa mgongo ni mkemia, Ellen Swallow Richards. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, na akahitimu mwaka 1873. Shahada ya uzamivu chuo hakikumpa. Akaingia kwenye maji: alipima maelfu ya sampuli za mito na visima vya Massachusetts. Akaingia kwenye vyakula vya dukani kutafuta vilivyochakachuliwa. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, alifungua jiko la kuuza chakula ambacho mlaji aliambiwa kina virutubisho kiasi gani. Leo tunaona jambo hilo kwenye pakiti ya biskuti tukaliona la kawaida. Mwaka 1899 aliwaita wenzake Lake Placid, New York, wakawa wanakutana kila mwaka hadi 1908, walipounda chama chao cha uchumi wa nyumbani naye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka huo huo wa 1908 likaundwa shirikisho la kimataifa kule Fribourg, Uswisi. Kwa hiyo mtu akikwambia ni somo la juzi, mwambie lina zaidi ya miaka mia.

Lakini si ndilo lililowafungia wanawake jikoni?

Swali hili huwa linatoka kwa mabinti, na wana haki ya kuuliza. Kwa mamilioni ya wasichana, kwao na kwetu, sayansi kimu ilikuwa njia ya kuwaambia kwamba fizikia si yenu. Siwezi kulikana hilo.

Ila tazama upande wa pili. Mwanamke aliyesoma kemia mwanzoni mwa karne ya 20 hakuwa akiajiriwa idara ya kemia. Aliajiriwa uchumi wa nyumbani, akapewa maabara, wanafunzi na bajeti. Pale Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1911, maprofesa walikaa kujadili kama wanawake wawili wapewe uprofesa kamili. Wakaamua kwamba kwa ujumla hawapendelei wanawake kuwa maprofesa, ila kwa idara ya uchumi wa nyumbani hawataweka pingamizi. Ukiusoma uamuzi ule unasikia kabisa jinsi walivyoutoa shingo upande. Lakini wanawake wale walipita, na waliowafuata wakapita mlango huo huo. Kwa muda mrefu sana jiko ndiyo lilikuwa maabara pekee ambayo mwanamke angeweza kuwa mkubwa wake.

Cornell ndiyo ipi, na kwa nini unaitaja kila mara?

Ni chuo kikuu kilichoko Ithaca, jimbo la New York. Nakitaja kwa sababu safari nzima ya somo hili unaiona pale bila kuhama.

Mwaka 1900 walimleta Martha Van Rensselaer, aliyekuwa msimamizi wa shule kwenye wilaya moja ya vijijini, aandae mafunzo kwa wake wa wakulima. Alianza kwa kuwaandikia kuwauliza mzigo wao ni nini. Majarida ya kwanza hayakuwa ya mapishi bali ya hatua: mama anatembea mara ngapi kutoka kisimani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi stoo, na vitu vipangwe vipi apunguze mwendo. Mimi huwa nawapa kidato cha tano zoezi hili kwenye jiko la nje la nyumbani kwao. Wanahesabu hatua za mama tangu anapowasha moto hadi chai inapofika mezani. Wanarudi wameduwaa, hasa wavulana.

Mwaka 1907 ikawa idara, na Flora Rose, mtaalamu wa lishe, akajiunga. Hao ndio wawili waliopewa uprofesa mwaka 1911. Mwaka 1919 idara ikawa skuli, na 1925 ikawa chuo kamili cha uchumi wa nyumbani cha jimbo. Mwaka 1969 jina likabadilishwa kuwa Chuo cha Ikolojia ya Binadamu. Ndani yake alifundisha Urie Bronfenbrenner, mwanasaikolojia aliyeeleza kwamba mtoto hakui peke yake, anakua ndani ya familia, mtaa, shule na sera za nchi, na ambaye alikuwa miongoni mwa walioasisi mpango wa Marekani wa kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla ya shule, ulioanza 1965. Hapo ushapita jiko muda mrefu.

Ni kweli kulikuwa na chuo kinachotumia watoto wachanga halisi kama somo?

Kweli, na ni huko huko Cornell, ingawa vyuo vingine vya Marekani vilifanya hivyo pia. Kuanzia 1919 walikuwa na nyumba ya mazoezi ambamo wanafunzi waliishi kwa makundi na kuendesha kaya: bajeti, usafi, mapishi. Mwaka mmoja baadaye wakaongeza mtoto mchanga kutoka vituo vya kulelea watoto wasio na wazazi wa kuwatunza. Wanafunzi walipokezana zamu ya kuwa mama. Mtoto wa kwanza waliyemchukua walimwita Dicky Domecon, na Domecon ikawa ndiyo jina la ukoo la watoto waliofuata, limekatwa kutoka jina la somo lenyewe kwa Kiingereza, domestic economy. Mtindo huo uliendelea hadi 1954, na baadaye watoto walipewa familia za kuwaasili.

Watoto walipimwa uzito, waliandikiwa kila walichokula, na afya zao zilinawiri. Hata hivyo elimu ya saikolojia iliyokuja baadaye, ya mtoto kuhitaji mtu mmoja wa kumshika tangu mwanzo, ndiyo iliyowafanya watu waulize ilikuwaje mtoto mmoja awe na mama sita. Nikisimulia hili darasani, kuna mwanafunzi atasema kwamba hata kwao mtoto analelewa na mama, bibi, shangazi na dada wa kazi. Namwambia tofauti yake ni kwamba bibi hamalizi muhula akaondoka.

Kwetu Kilimanjaro na Arusha lilianza lini?

Lilikuja na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1891, Walutheri Machame mwaka 1893, na shule za wasichana zilipofuata, kushona, kufua na kupiga pasi vilikuwa sehemu ya ratiba. Wakati wa Waingereza likaitwa sayansi ya nyumbani, na lengo lilikuwa wazi: kumpata mke wa mwalimu au wa karani. Miaka ya 1950 vikaja vilabu vya wanawake chini ya idara ya maendeleo ya jamii, ambako wake za wakulima walijifunza kusuka, kupika keki na usafi wa mtoto. Baadhi ya bibi zetu bado wana vitambaa vya mezani vya enzi hizo.

Baada ya Uhuru mambo yakageuka. UWT, umoja wa wanawake, iliundwa 1962. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru ilianza 1963. Kule Musoma chuo cha Buhare kilifundisha wataalamu wa uchumi wa nyumbani kabla hakijawa chuo cha maendeleo ya jamii. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ikataka shule ifundishe kazi, na miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Ukimwona mama wa miaka hamsini na kitu anayekata gauni bila kigezo cha karatasi, muulize alisoma mchepuo gani. Shule za msingi nazo zilikuwa na Sayansi Kimu hadi mambo yake yalipounganishwa kwenye Stadi za Kazi.

Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na miaka kumi baadaye ukaanza mradi mkubwa wa lishe Iringa, uliowapima watoto kijiji kwa kijiji na kuwaachia wanakijiji wenyewe wajadili namba zao. Hapo ndipo serikali ilipoona kwamba lishe inahitaji watu waliosomea hasa.

Na chuo kikuu?

Kwa Tanzania nenda Morogoro. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mwaka 1984, mwaka aliofariki Edward Sokoine, mtoto wa Monduli. SUA ilikuwa na shahada moja iliyobeba vyote viwili, uchumi wa nyumbani na lishe ya binadamu. Baadaye ikagawanywa: kuna shahada ya lishe ya binadamu, na kuna shahada ya masomo ya familia na mlaji. Majirani zetu nao hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa kinafundisha uchumi wa nyumbani. Leo ukienda pale lishe ina idara yake, na mitindo ya mavazi na hoteli navyo vimejitenga.

Kwa nini jina linabadilika kila mara?

Kwa sababu ya aibu kidogo, na kwa sababu ya fedha. Chama cha Marekani chenyewe kilikutana Scottsdale, Arizona, mwaka 1993 na kuamua somo liitwe sayansi ya familia na mlaji. Utafiti wa lishe unapata wafadhili, utafiti wa "nyumbani" haupati. Kijana naye anaona haya kusema mbele ya wenzake wa udaktari kwamba anasoma uchumi wa nyumbani. Sina ugomvi na majina.

Basi una ugomvi na nini?

Na kugawanya.

Nieleze kwa kihamba cha huku kwetu, yaani shamba la nyumbani. Kuna migomba, kuna kahawa, kuna ng'ombe mmoja wa kukatiwa majani. Ukipita barabarani utasema hapa hakuna njaa, na kweli hakuna. Lakini ndani kuna mtoto wa miaka miwili mwenye urefu wa mtoto wa mwaka na miezi mitatu. Afisa lishe anakuja na utepe wa kupima mzingo wa mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Mtoto yuko kijani. Anapimwa urefu, anaonekana amedumaa. Mama anashauriwa ampe mayai, maziwa na dagaa. Afisa ugani anakuja naye, anaangalia kahawa, anaondoka. Afisa maendeleo ya jamii anamwingiza mama kwenye kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri na ana ripoti yake.

Hakuna aliyeuliza fedha ya kahawa inaingia mfukoni mwa nani. Kwa desturi ya Uchagani kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Fedha ya kahawa inakuja kwa msimu, ada ya shule inamsubiri, na matanga hayana msimu. Fedha ya kila siku anaitafuta mama, kwa kupeleka ndizi na maziwa Mbuyuni. Yaani maziwa anayoambiwa ampe mtoto ndiyo sabuni, chumvi na mafuta ya taa ya nyumba ile. Na akienda sokoni anatoka alfajiri na kurudi alasiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa anayemlisha ndizi za kuchemsha kwa sababu ndizo zilizopo na ndizo anazoweza kuzipika. Ndizi ni wanga karibu tupu; zinajaza tumbo, protini na chuma hazina za kutosha.

Mtaalamu wa uchumi wa nyumbani wa mtindo wa zamani alifundishwa kukaa kwenye kigoda cha nyumba hiyo na kuyaona hayo yote kwa pamoja: saa za mama, mfuko wa baba, sufuria, na mtoto. Sasa tuna wataalamu watatu wanaojua zaidi, kila mmoja kwa kipande chake. Simlaumu mtaalamu wa lishe, wanafunzi wangu bora wako huko. Nasema tu kwamba shahada ya familia na mlaji ndiyo pekee iliyobaki na kazi hiyo, na ndiyo watu wanayoijaza mwisho kwenye fomu.

Wanafunzi wanafanya nini hasa kwa vitendo?

Nitakupa moja tu. Kuna kazi ya kumuuliza mama mtoto wake alikula nini tangu jana alipoamka hadi leo alipoamka. Inaonekana nyepesi. Mama anasema, "Alikunywa chai na andazi." Chai ya rangi au ya maziwa? Ya maziwa. Maziwa kiasi gani? "Ya kawaida." Kikombe kipi? Hapo mwanafunzi anaomba aonyeshwe kikombe chenyewe, anakijaza maji hadi pale mama anaponyooshea kidole, anayamimina kwenye chombo cha kupimia na kuandika mililita. Andazi kubwa au dogo, alimaliza au mbwa alikula nusu? Kisha anauliza tena kuanzia mwanzo, kwa sababu mama amesahau parachichi alilompa mtoto saa nne akiwa anafua. Usipouliza mara ya pili, parachichi halipo kwenye hesabu yako, na ripoti yako itasema mtoto hali mafuta. Anayefanya haraka anakosea. Anayemfanya mama ajione yuko polisi anaambiwa uongo mtupu: kila mtoto wa kijiji kile atakuwa amekula yai.

Unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili ni mzuri?

Siyo swali la chuo, lakini naulizwa kuliko yote. Sio mzuri. Kila nafaka ina muda wake wa kuiva, hivyo kuna zitakazobaki mbichi tumboni kwa mtoto. Kadiri unavyochanganya karanga na mahindi ya kuokota huku na kule ndivyo unavyojiongezea hatari ya sumukuvu, sumu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Chukua nafaka moja nzuri na jamii ya kunde moja, hifadhi pakavu, maziwa na tunda vije pembeni.

Wale wa Cornell, wakati wa hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1930, walitengeneza unga wa bei nafuu kwa ajili ya familia maskini ukaitwa Milkorno. Ulikuwa na unga wa mahindi, maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, na chumvi. Vitu vitatu.

Wavulana wanaruhusiwa?

Ndiyo, na SUA wapo. Japani somo hili ni la lazima kwa wavulana na wasichana sekondari ya juu tangu 1994.

Tahasusi gani inampeleka huko?

Tahasusi ni ule mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. CBN imetengenezwa kwa ajili hiyo: kemia, baiolojia na lishe. CBG (kemia, baiolojia, jiografia) na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) nazo huwa zinakubalika kwa lishe. Tangu 2024 tahasusi zimekuwa nyingi, zaidi ya sitini, kwa hiyo usinitegemee mimi wala jirani. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika na usome sifa za kozi mstari kwa mstari. Kila mwaka kuna mtoto anayekosa nafasi kwa sababu hakuangalia kwamba kemia inatakiwa iwe alama fulani. Kwa walio kidato cha kwanza sasa, mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, na mavazi na chakula vimo humo.

Ajira zipo?

Kwa lishe, zipo zaidi, kwa sababu halmashauri zina nafasi ya afisa lishe na nafasi hizo zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Foleni ni ndefu. Hospitali kubwa zinahitaji watu wa lishe ya wagonjwa, na kisukari na presha vinavyoongezeka mjini havitapunguza mahitaji hayo.

Mhitimu wa familia na mlaji itambidi ajieleze. Afisa rasilimali watu akiona cheti chake hajui amweke wapi. Lakini fikiria. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa. Nani ataelezea kwa nini mama ana mtungi wa gesi kabatini na bado maharage anayapika kwa mkaa? Mhandisi wa gesi hajui. Kuna programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyoanza 2021, nayo inahitaji wanaojua mtoto na kaya. Viwanda vya nguo Arusha, kama Sunflag na A to Z, vinahitaji watu wanaojua nyuzi na ubora. Shirika la Viwango linashughulika na usalama wa chakula tangu 2019. Nafasi zipo, ila hazijaandikwa jina la kozi yako mlangoni.

Na tafadhali, afisa lishe si mama lishe. Kuna mzazi mmoja aliniuliza kama mwanawe atapewa kibanda.

Moshi au Arusha hakuna chuo cha karibu?

Kwa shahada hii ya kwanza, mtoto apande basi la asubuhi la Morogoro kupitia Chalinze. Watu hudhani Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi kinaifundisha kwa kuwa kilikuwa chuo kishiriki cha SUA kuanzia 2004 hadi 2014, lakini hakuna. Pale ni ushirika, uhasibu na biashara. Taasisi ya Tengeru ni nzuri kwa maendeleo ya jamii. Akimaliza shahada ya kwanza na akataka kuendelea na sayansi ya chakula na lishe, basi arudi nyumbani: Taasisi ya Nelson Mandela iko Nambala, nje kidogo ya Arusha, na inapokea wa uzamili na uzamivu tangu 2011.

Nilisoma mchepuo wa sayansi kimu zamani, nina duka la kushona. Naweza kurudi kusoma?

Unaweza, dada yangu. TCU ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, na ukifaulu mtihani wake unaomba chuo kama wengine. Chuo Kikuu Huria kina vituo Moshi na Arusha. Nenda na vyeti halisi pamoja na nakala, chukua picha za kazi zako na leseni ya biashara, na uulize wazi kozi gani zinapokea wa njia hiyo mwaka huu, maana orodha hubadilika. Usiende Ijumaa mchana.